Bima Isiyoruhusu Dereva Mwingine

Kitu cha kwanza unachokiona kwa Sitati ni mfuko wa shati lake. Umelegea na kuning'inia kama sikio la mbuzi mzee, maana kwa miaka mingi ufunguo wa Probox yake umetoka na kuingia humo kila jirani alipobisha hodi. Katika mtaa wao wa Nakuru, hakuna harusi wala mazishi yaliyofanyika bila gari la Sitati. Kukataa hakujui.

Ukarimu huo ndio uliomponza. Jirani mmoja aliligongesha kwenye lango la kanisa. Mwingine akalibamiza nyuma ya lori pale Salgaa. Shemeji yake akalitumbukiza mtaroni akitoka Kabazi na magunia ya viazi. Sitati mwenyewe hajawahi kukwaruza hata ukuta.

"Basi kosa langu ni lipi?" alimwuliza Linah, wakala wa bima, alipokwenda kukata bima mpya.

"Mzee, kampuni haiulizi nani alikuwa kwa usukani. Inauliza gari ni la nani. Na lako limegonga kila kitu isipokuwa treni."

"Babu yangu alikuwa mtu wa reli," Sitati alisema kwa uchovu. "Treni inatuheshimu."

Linah alicheka, lakini masharti hayakulegea. Malipo yalipanda karibu maradufu. Gari lilitakiwa kukaguliwa upya. Ajali ikitokea, sehemu kubwa ya hasara angeibeba mwenyewe. Tena, hakuna atakayeliendesha ila Sitati peke yake. Kampuni nyingine zilikuwa zimemkataa kabisa, hivyo akatia sahihi.

Alipofika nyumbani ndipo alipomkumbuka mama mkwe.

Mama Nabalayo anaishi Njoro, na kila juma huletwa mjini kusafishwa figo. Aliyekuwa akimleta kwa gari hilo ni jirani yao Owuor, kwa sababu kwa Wabukusu mtu hapandi gari moja na mama wa mkewe. Hata wakikutana njiani, mmoja hukwepa. Nakhumicha, mke wa Sitati, hajui kuendesha. Matatu humchosha mgonjwa hadi kutapika, na teksi ya kila juma hawaiwezi.

Sitati aliketi sebuleni bila kuvua viatu. Alikuwa amechoka kuwa mtu mwema. Juma hilo mama mkwe alikosa kwenda hospitali, na miguu yake ikaanza kuvimba.

Jibu lilitoka Njoro kwa simu, kupitia kwa Nakhumicha.

"Mama anasema ulete blanketi mbele ya wazee, ule mwiko uondolewe. Anasema hawezi kufa kwa sababu ya adabu."

"Amesema hivyo?"

"Na liwe zito. Njoro kuna baridi."

Blanketi limeshanunuliwa, na wazee wa pande zote mbili wamekubali kuja Jumamosi. Sitati ameosha gari mara mbili, akasogeza kiti cha mbele ili nafasi ya miguu kule nyuma iongezeke. Hajui atamsalimiaje mtu ambaye hajawahi kumtazama usoni. Anachojua ni kwamba wazee wakimaliza maneno yao, Mama Nabalayo ataingia garini, naye ataliwasha kuelekea hospitali.