Tambi za Mkono wa Nani

Jumapili ya pili ya Oktoba, shangazi yangu Gerlinde alichoma tambi moja kwa uma, akaiinua hadi usawa wa dirisha na kuitazama kwenye mwanga kama mtu anayekagua noti bandia. Kisha akaila. Baba aliendelea kukata nyama yake. Bibi aliacha kutafuna.

Huku kwetu juu ya milima ya Alb, kusini mwa Ujerumani, tambi za kukwangua ni kama mwandiko. Unga uliopigwa na mayai ukawa mzito wa kuvutika hutandazwa kwenye ubao wenye mpini, ubao huegemezwa ukingoni mwa sufuria ya maji yanayochemka, na kisu huusukumia unga majini ukanda kwa ukanda. Kila mwanamke ana mkono wake, na watoto huzijua tambi za mama yao kabla hawajajua kusoma. Za bibi yangu Walburga zilikuwa fupi, nene kichwani na nyembamba mkiani, kama viluwiluwi. Zile zilizokuwa kwenye sahani zetu Jumapili ile zilikuwa ndefu, nyembamba, zimenyooka. Hata mimi niliziona. Nilinyamaza kwa sababu nilijua Bibi angepoteza nini.

Wakati wa Pasaka alikuwa ameanguka kwenye ngazi ya stoo ya chini akiwa na bakuli la viazi. Hakuvunjika, lakini Baba na Shangazi walikaa sebuleni wakaongea kwa sauti ya chini, na walipomwita walikuwa tayari na karatasi ya nyumba ya wazee kule mjini, yenye picha ya bustani. Bibi aliiangalia ile picha, akasema maua yale ni ya plastiki. Halafu akawapa sharti. Maadamu nyama ya siki na tambi ziko mezani kila Jumapili kengele ya saa sita inapolia, na zimepikwa kwa mikono yake, hakuna mtu wa kumtoa katika nyumba aliyozaliwa. Siku akishindwa, atafunga sanduku mwenyewe. Walikubali. Hata hivyo Shangazi aliandikisha jina la Bibi kwenye orodha ya wanaosubiri chumba, kwa tahadhari tu, alisema.

Tangu hapo hakuna aliyemwamini mwenzake katika nyumba ile.

Bibi alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na mmoja katika jiko la hoteli ndogo ya kijiji. Siku za harusi alikuwa akivunja mayai mia na ishirini asubuhi moja na kukwangua tambi mpaka bega likawaka moto. Babu alikuwa mtu wa kiwandani, mkimya, aliyekula kila alichopewa. Bibi alimzika, akabaki na bustani, kuku watano na jiko la kuni ambalo alikataa kulibadilisha. Kila Jumatano aliitumbukiza nyama ya ng'ombe kwenye chungu, akaimwagia siki na divai nyekundu, vitunguu, karafuu na mbegu za mreteni, akakifunika na kukishusha stoo. Kila jioni alishuka kuigeuza. Jumapili asubuhi aliikausha kwa kitambaa, akaikaanga mpaka ikawa nyeusi pande zote, akaiacha ichemke taratibu kwenye maji yake ya siki, na mchuzi akauzidisha uzito kwa maganda ya mkate mweusi. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa chungu kile. Mimi, niliyekuwa nikirudi kutoka chuoni Tübingen kila Ijumaa na mkoba wa vitabu, niliruhusiwa kumenya karoti.

Baada ya Jumapili ile Shangazi alianza uchunguzi. Alijitolea kutoa taka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe. Mfuko wa njano, ule wa makopo na nailoni, unapitisha mwanga. Aliuinua juu uani, akauzungusha, akatafuta pakiti ya tambi za dukani. Hakuna. Akafunua ndoo ya maganda, akahesabu. Maganda ya mayai nane, mapya. Kwa hiyo unga ulipigwa hapa hapa nyumbani. Mtu mwingine angeridhika. Yeye alirudi ndani na mashaka maradufu.

Aliniita kando ya gari lake.

"Wewe unakaa humu Jumamosi nzima," aliniambia. "Msomi kama wewe una macho. Anazitoa wapi?"

Nilisema sijui, na kweli sikujua. Lakini nami nilikuwa nimeanza kuchungulia. Nilimwona Bibi akiinua kikombe cha kahawa kwa mikono miwili. Nilimwona akihangaika na kitufe kimoja cha sweta kwa dakika nzima, kisha akaiacha wazi akidai kuna joto, wakati ukungu wa baridi ulikuwa umefunika kioo cha dirisha. Mkono wa kulia ulikuwa ukitetemeka, na aliuficha chini ya aproni kama mtu anayeficha kitu cha wizi. Na kulikuwa na jambo la kanisa. Bibi, aliyekaa benchi moja miaka sabini, tangu mwisho wa Septemba hakwenda tena ibada. Nyama haiwezi kuachwa peke yake, alisema. Kwa miaka yote ile ilikuwa imeachwa peke yake bila kulalamika.

Bibi naye alimshuku Shangazi. Alikuwa amemkuta akipima kabati la vyombo kwa futi. Shangazi alidai ni kwa ajili ya pazia. Bibi aliniuliza, kwa upole mkubwa, kama nimewahi kuona pazia la kabati la mwaloni. Tangu siku hiyo ufunguo wa kabati ukaishi ndani ya debe la unga.

Jumapili iliyofuata Shangazi alikuja na bahasha katika mkoba wake. Alinionyesha kanisani, kabla ya wimbo wa kwanza: chumba kimepatikana, ghorofa ya pili, upande wa jua, na jibu lazima lifike Jumatatu. Alisema hataki ubaya. Alisema mama yake ataanguka tena siku moja na hakutakuwa na mtu, na hilo ndilo linalomnyima usingizi. Nilimwamini. Hata hivyo wimbo wa pili ulipoanza alisimama, akapita mbele ya magoti ya watu bila kuomba radhi, nami nikamfuata nikiwa na aibu mpaka masikioni.

Hakupita mlango wa mbele. Alizunguka bustani, akausukuma mlango wa stoo ya chini. Ulikuwa wazi. Kwenye ngazi, juu ya gazeti lililokunjwa vizuri, kulikuwa na viatu vya kiume, vikubwa, vimepakwa rangi.

"Mwanamume," alinong'ona Shangazi. Nilivyoelewa, hilo lilikuwa jambo pekee ambalo hakuwa amelifikiria.

Tulipanda. Jikoni kulikuwa na mvuke. Mbele ya sufuria alisimama Mzee Eugen Häfele, jirani wa ukuta kwa ukuta, mgane kwa miaka sita sasa, fundi chuma mstaafu. Alikuwa na soksi miguuni, mikono ya shati imekunjwa, amefunga aproni ya Bibi yenye maua ya bluu. Kisu kilikwenda kwenye ubao kama kilivyokwenda chuma chake maisha yote, kwa kipimo kile kile, na tambi zilianguka majini zikiwa ndefu, nyembamba, zimenyooka. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda pembeni, mwiko wa mchuzi katika mkono wa kushoto, akimwambia kwamba anachonga sindano, si tambi.

Mzee Eugen alituona kwanza. Aliweka kisu chini, akasimama wima kama mtoto aliyefumaniwa kwenye mti wa matofaa wa watu.

Shangazi alimwambia Bibi kwamba sharti limevunjika. Hakupaza sauti. Aliuliza walikubaliana kwa mikono ya nani.

"Nyama nimeigeuza mimi," alisema Bibi. "Siki nimepima mimi. Mchuzi huu wangu. Na unga nimeupiga mwenyewe kwa mkono wa kushoto tangu saa tatu. Eugen ni kisu tu. Nani anauliza kisu jina lake?"

"Kisu hakivui viatu stoo, Mama."

"Kinavua, kama kimelelewa vizuri."

Mzee Eugen akasema kwamba yeye anaweza kwenda. Bibi akamwambia akae. Shangazi akamuuliza ni tangu lini, naye akajibu tangu mavuno ya matofaa. Akauliza anataka nini katika nyumba hii. Mzee Eugen alifikiri kwa uaminifu, kisha akasema sahani moja ya nyama, hupewa Jumapili usiku, ikiwa baridi.

"Na wewe," Bibi akamgeukia binti yake, "miaka ishirini na tisa unakamua tambi zako kwa mashine ya kubana. Zinatoka duara, sawasawa, kama minyoo ya mvua. Marehemu baba yako alizila, na mimi nikazila. Kuna mtu aliyekuandikisha kwenye orodha?"

Nilitazama sakafu. Katika kijiji chetu mwanamke anaweza kusamehewa mengi, lakini mashine ile huwekwa nyuma ya sufuria kubwa, na wageni wakija inatupiwa kitambaa. Shangazi alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Alivua koti, akalitupa kwenye kiti, akaushika ubao.

Unga uliobaki ulikuwa nusu ya bakuli. Aliutandaza mzito mno. Alisahau kuchovya kisu majini. Unga ukanata, ukavutika, ukadondoka plop, donge la ukubwa wa kidole gumba, na baada yake jingine. Hakuna aliyecheka. Shangazi aliendelea mpaka ubao ukawa mtupu, jasho likimtoka puani, na wakati huo huo kengele ya saa sita ikaanza kulia na gari la Baba likasikika likiingia uani.

Bibi alimwashiria Mzee Eugen ashuke stoo. Akashuka na aproni yake.

Tuliketi. Baba alikuja moja kwa moja kutoka kwenye mkutano wa kikosi cha zimamoto cha kijiji, ana njaa, ana furaha. Nyama ilikuwa inaachana kwa uma. Mchuzi ulikuwa mweusi, mchachu kidogo, na utamu ukija mwisho. Alijipakulia tambi. Ndipo akaona. Katikati ya zile nyembamba palikuwa na madonge, mazito, mabaya, mengine bado na unga mbichi katikati. Aligeuza moja kwa uma. Akalitazama muda mrefu. Aliponyanyua uso hakuwa tena na furaha.

"Mama," alisema polepole, "mkono umekuwaje?"

Bibi aliuweka mkono wa kulia chini ya meza. Baba alimtazama Shangazi, na macho yake yalisema wazi kwamba siku ile imefika. Shangazi alikuwa na bahasha kwenye mkoba uliotundikwa nyuma ya kiti. Hakuhitaji kusema uongo. Hakuhitaji kusema lolote. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Niliona vidole vya Bibi vikitetemeka juu ya goti lake, na niliona kwamba Shangazi anaviona pia, kwa kuwa sisi wawili tulikaa upande huo.

"Hayo madonge ni yangu," alisema Shangazi.

Baba hakuelewa.

"Nimekwangua mimi. Nilitaka kujaribu. Sijui kukwangua, sijawahi kujua, natumia mashine. Sasa umejua, kula."

Baba aliangalia tambi, akamwangalia dada yake, akaanza kutabasamu upande mmoja wa mdomo. Aliuliza hizi nyembamba basi ni za nani, maana hizo nazo si za Mama. Shangazi alimwambia kwamba kama ana nafasi ya kukagua, basi ameshiba. Kisha alisimama, akachukua sahani ya akiba kwenye rafu, akaijaza nyama, tambi nyembamba na mchuzi mwingi, akaifunika kwa sahani nyingine na kuelekea mlango wa stoo.

"Unapeleka wapi?" aliuliza Baba.

"Kuna panya," alisema Shangazi, akashuka.

Baba alinigeukia. Nilijaza mdomo nyama.

Walipokuwa wanajiandaa kuondoka, Shangazi alibaki nyuma jikoni. Alimwambia Bibi kwamba Jumapili ijayo Mzee Eugen aingie kwa mlango wa mbele, tena na viatu vyake miguuni, kwa sababu mwanamume anayeingia kwa stoo kijiji kizima kitamwona, lakini anayeingia kwa mlango ni mgeni tu. Na Baba ataambiwa, yeye ndiye atamwambia. Na ngazi ile itawekwa mshikio pande zote mbili wiki hii, bila ubishi. Bibi alisema mshikio mmoja unatosha. Shangazi alisema miwili. Bibi aliuliza nani atalipima kabati tena.

Shangazi alitoa bahasha mkobani. Nilimwona akiibandua ile sehemu ya nailoni yenye dirisha la anwani, akaitia kwenye mfuko wa njano, kisha akaichana barua mara mbili na kuiweka kwenye sanduku la karatasi, juu ya magazeti. Akavaa koti, akambusu mama yake shavuni, akatoka.

Bibi alisimama dirishani mpaka gari likapinda kona ya kanisa. Halafu akanituma nikavitoe vile vipande vinne sandukuni, nivipange mezani, nimsomee vimeandikwa nini.