Taa ya Gari Langu Haizimike Tena

Admini, ufiche jina langu, hata kama kwa bantu ba hapa muji wa Baraka ni kazi bure. Wakisoma tu neno "gari" watasema, "Ah, ni yule muzee wetu wa pembeni ya ziwa." Bacheke tu, nimezoea. Niko mwanaume wa miaka hamsini na tatu, batoto wangu wote wako na nyumba zao, kitambi kiko, nywele zimeniaga bila kulia. Naishi ndani ya minibasi.

Musinihurumie mapema. Hiyo minibasi tuliigeuza nyumba sisi wenyewe, mimi na muke wangu, Mama Riziki. Tulitoa viti, tukaweka kitanda na kabati, plake za jua juu ya paa, na chini ya kitanda batri mbili za maji, zile nzito za asidi, kwa ajili ya taa na friji ndogo. Tulizunguka masoko, leo Nundu, kesho Makobola, siku zingine mupaka Misisi kwa wachimba dhahabu. Yeye aliuza vitenge. Mimi nilikuwa shofere, na mupishi wa kulaumiwa. Mahali jua lilituachia ndipo tulilala, hatukuomba courant ya umeme kwa muntu. Maji ya batri aliongeza yeye kila juma, akinisema: "We unasahau batri kama vile unasahau kuoga."

Mwaka juzi mvua ikakata barabara. Binti yetu Riziki alikuwa amezaa kule Uvira, na bibi wa mutoto hakuweza kungoja matope yakauke. Akapanda boti. Nilikuwa nimesimamisha gari pale pale kwenye muchanga, na yeye, akiwa tayari amekaa katikati ya mizigo ya bantu, akanipigia kelele: "Papa Riziki, usisogeze gari! Nikirudi nikukute hapo. Nisianze kukutafuta na mizigo kichwani!" Boti yote ikacheka. Mi nikainua mukono kama askari.

Upepo ukawakuta njiani. Wengine walipatikana wazima, wengine walipatikana wamekufa. Yeye hakupatikana.

Gari sijalisogeza. Kila magharibi nawasha taa ya juu ya mulango, ile inaangalia maji, natoa viti viwili, changu na chake, na kitenge chake natandika kwenye kiti chake. Basi. Ndiyo wazimu wangu wote huo, sina mwingine.

Ila zile batri zilikuwa zimezeeka. Mbele ya kupambazuka taa ilikuwa inageuka manjano, halafu inazimika yenyewe. Hapo najisemea, "Basi, leo haji," naingia kulala. Siku moja wazo likanichoma: na kama anafika taa ikiwa imeshazimika? Nikaenda kwa mufanyabiashara mumoja, nikabadilisha, nikaweka batri ya lithiamu, pamoja na kile chombo cha kuongoza umeme wa jua, maana cha zamani kilipangwa kwa batri za asidi. Niliibeba batri kwa mukono mumoja, mimi mwenye nahema nikifunga viatu. Muuzaji akaniambia, "Muzee, hii haiombe maji, haichoke. Miaka kumi." Alizani ananipa habari njema.

Zile za zamani alichukua shemeki wangu, mudogo wa muke wangu, muvuvi. Alizipasua akayeyusha madini ya ndani, akafanya vizito vya nyavu zake. Kwa hiyo batri zenye Mama Riziki alinywesha maji zinashuka kila siku chini ya ziwa. Najaribu nisifikiri zinatafuta nini kule.

Tangu hapo taa inawaka mupaka jua linaipokea. Na ndipo shemeki alikuja, akabaki amesimama, akakataa kukaa.

"Shemeki, unalala na nani humu?"

"Na magoti yangu yenye kuuma. Kwa nini?"

"Tukirudi kuvua, tunaona bantu babili hapa mulangoni."

"Mwingine ni kitambi changu."

Hakucheka. "Ule mwingine iko na kilemba."

Nikamuambia ni kitenge kwenye kiti, upepo unakichezesha. Akauliza: "Kitenge kinajifunga chenyewe kichwani? Shemeki, yaya, dada yangu, anashindwa kufika kwenye anaenda. Ni we unamushika na hiyo taa."

Kwetu, muntu akipotelea ndani ya maji, familia inakata shina la mugomba, inalivika nguo yake, inalizika na kulilia kama mwili. Mi nimekataa hiyo tangu mwaka juzi. Sasa wamepanga Jumamosi hii, na nguo wanataka ni kile kitenge. Wanasema pia nizime taa mbele yao, na gari litoke pale.

Ningewashinda kwa maneno, munajua mudomo wangu. Lakini Riziki alinipigia simu. "Papa, mutoto wangu tulimupa jina la Mama. Kila nikimuita, nasikia kama naita muntu mwenye hajazikwa. Nimechoka, Papa."

Jana magharibi nilijaribu. Nikaweka kidole kwenye swichi. Nje, kiti kikalia, kile cha kwake, kama vile kinalia muntu akikaa vizuri kungoja. Nikatoa kidole.

Zile batri za zamani zilikuwa na huruma, sikujua. Zilikufa zenyewe, nami nikalala bila lawama ya muntu. Hii mupya haife. Inangoja mukono wangu.

Ninyi wenye ziwa lilichukua wapenzi wenu, halikuwarudisha, nawaomba muniambie bila kunionea haya: nizime taa, nimupe mugomba kitenge chake, binti yangu apumue? Ama nimungoje mwenye aliniambia nisisogee? Mujibu upesi. Jua linashuka, na viti nimeshavitoa vyote viwili.