Taa za Papa Solide

Kwenye vilima vya juu ya Rubaya, ukiuliza nyumba ya Élie Nizeyimana, watu watakutazama tu. Uliza kwa Papa Solide, na hata mtoto anayechunga mbuzi atakusindikiza mpaka mlangoni. Jina hilo alijipatia mwenyewe sokoni, kwa sababu mbele ya kila kitu aliuliza neno moja: iko solide, yaani ni imara? Aliuliza hivyo juu ya majembe, juu ya sufuria, juu ya viatu. Wenye midomo wanasema hata alipokwenda kumposa Emérita aliuliza hivyo hivyo, jambo ambalo Emérita mwenyewe hakatai wala hakubali. Mwavuli wake ulikuwa na umri mkubwa kuliko binti yake wa kwanza. Alilima viazi na maharagwe, alifuga ng'ombe wachache wa maziwa, na kanisani alikuwa shemasi. Tangu abatizwe hakuwahi kuonja pombe, wala kuketi mahali inapouzwa.

Mwaka uliopita Emérita ndiye aliyeleta taa za Noeli, zile wanazoita girlande: kamba ndefu yenye vitaa vidogo vingi vya LED na pano ya kuvuta jua. Zilipendeza jioni moja. Kesho yake ikaja mvua ya Masisi, nusu ya taa zikazimika, na keshokutwa nusu iliyobaki ikafuata. Papa Solide alizishusha. Alizikunja polepole akaziweka darini, na kimya chake kilimchoma mkewe kuliko matusi. Basi mwaka huu, Desemba ilipoingia, Emérita alimwambia aende akachague mwenyewe. Aliomba tu ziwe nyeupe, tena ziwake kwa utulivu, zisikonyeze watu.

Papa Solide akateremka mpaka kwa Généreuse, mama mwenye kibanda cha redio, betri na vitu vya jua. Alipomwona anakuja, Généreuse alimwambia jirani yake amtazamie meza nyingine, maana huyu mteja mmoja angemchukua asubuhi nzima. Hakukosea. Papa Solide aliomba beseni la maji. Akatumbukiza girlande nyeupe ya kwanza, ikafa hapo hapo. Ya pili ikawaka kidogo, kisha maji yakaonekana ndani ya vitaa, na nayo ikafa. Généreuse akaanza kumwangalia kwa namna nyingine. Ndipo akatoa chini ya meza girlande nene, waya wake kama kamba ya kufungia ng'ombe, na kila ampuli ya taa imefungwa mpira shingoni.

Hiyo aliitumbukiza akaiacha humo, akaenda kutafuta mbegu za viazi. Aliporudi ilikuwa inawaka chini ya maji, watu wamezunguka beseni. Aliikanyaga. Akampa Généreuse ncha moja ashike, wakavutana. Akang'oa ampuli moja aone kama zingine zitazimika, zikaendelea kuwaka. Mwisho akauliza ni nani wanaonunua taa za namna hii.

"Wateja wa hizi hawarudishaka, Papa," Généreuse alimjibu. "Wanarudia tu kutafuta zingine."

Jibu hilo lilimtosha. Alikuwa nusu ya njia ya kurudi alipokumbuka kwamba taa alizobeba ni nyekundu, kijani, buluu na zambarau, na zinakonyeza bila kupumzika. Alisimama kidogo akafikiri. Kisha akajiambia kwamba taa nyeupe iliyokufa haina rangi yoyote, akaendelea kupanda.

Alizitundika barazani mwenyewe. Emérita alitoka jikoni, akazitazama, akarudi jikoni. Sasa kimya kilikuwa zamu yake.

Giza lilipoanza kuingia, ukungu ukashuka, na katikati ya ukungu ule nyumba ya shemasi ikawa inawaka na kuzima kwa rangi zote. Njia ya wachimbaji wanaoteremka kutoka machimbo ya koltani inapita chini ya shamba lake. Watu watatu wenye matope mpaka magotini waliacha njia, wakaingia uani, wakasalimu kwa heshima na kuketi kwenye benchi. Papa Solide alifurahi sana. Noeli bado, na tayari wageni wamefika.

Aliyekuwa mbele yao, mtu mrefu aitwaye Nestor, alipangusa uso akauliza, "Papa, iko baridi?"

"Iko baridi sana," Papa Solide akajibu. "Huku kwetu baridi iko kila jioni."

Wale watu wakatazamana kama waliofika walikokuwa wakienda. Nestor akasema basi walete tatu. Papa Solide aliona ni ujasiri kidogo kwa mgeni kuagiza, lakini watu walikuwa wamechoka. Akamwita mkewe alete tatu. Emérita akaleta vikombe vitatu vya maziwa ya moto, yanatoa mvuke.

Nestor alitazama ndani ya kikombe muda mrefu. Alikuwa mtu wa Itebero, kule msituni Walikale ambako ng'ombe ni habari ya kusikia, na maishani mwake hakuwa amewahi kumaliza kikombe cha maziwa. Akauliza polepole kama hapa watu huanzia na hiki. Papa Solide akamhakikishia kwamba hapa huanzia na hiki na kumalizia na hiki. Nestor akauliza habari ya muziki. Papa Solide akasema waimbaji wako njiani. Habari hiyo iliwapa moyo, wakanywa.

Waimbaji walikuwa kwaya ya kanisa, waliofanyia mazoezi kwake kila juma. Kiongozi wao, Mama Euphrasie, alifika mlangoni mwa ua na ngoma, akaona taa, akasimama. Alimtuma mwenzake mmoja atangulie kuuliza kama Papa shemasi angali anaishi hapa. Alipohakikishiwa ndipo akaingia, akawakuta wachimbaji watatu wenye povu la maziwa juu ya midomo, akafungua kwa sala kama kawaida.

Baada ya amina Nestor alikuwa amevua kofia. Alimsogelea mwenye nyumba.

"Papa, utusamehe. Hapa si nganda?"

"Nganda ya nini?"

"Mataa ya vile njo ya nganda, Papa. Kila nganda ya Rubaya iko nayo."

Papa Solide akawaelewa wateja wa Généreuse wote kwa mara moja: ni wenye nganda, vilabu vya bia. Masikio yake yakapata moto. Emérita alikuwa amekwisha kukimbilia jikoni, na kutoka huko ilisikika sauti ya mtu anayecheka ndani ya kitenge chake.

Wageni waliinuka waondoke, mvua ikawarudisha kwenye benchi. Kwaya ikaanza. Haikuwa na sauti nzito tangu vijana wake wapande machimboni, na wimbo ulikuwa unakwenda kama meza iliyokosa mguu. Katikati ya ubeti wa pili, kutoka kwenye benchi, sauti nzito ikaingia mahali pake. Mama Euphrasie akasimamisha ngoma. Nestor aliomba radhi, akaeleza kwamba kwao Itebero aliwahi kuimba kanisani. Mama Euphrasie alimwambia asimame, asogee huku.

Papa Solide angeweza kuzitoa taa, lakini hapo angekiri kwamba alichagua vibaya. Kesho yake alifunika pano kwa gunia ili zikose jua. Pano ikadhani ni usiku, taa zikawaka mchana kweupe, na muuza mbuzi mmoja akaingia kuuliza kama wamefungua mapema. Basi akachukua ubao, akaandika kwa herufi kubwa HAPA SI NGANDA, akautundika chini ya taa zenyewe ili usomeke. Ulisomeka. Haukupita muda, sokoni alimsikia kijana akimwambia rafiki yake wakutane jioni pale Si Nganda.

Waliofika walipewa maziwa na kusikiliza kwaya. Wengine walitoka haraka, wachache walibaki, na wawili walikuwa na sauti.

Siku ya Noeli, Nestor hakuweza kwenda kwao, kwa maana njia ya Itebero ni ndefu. Alikuja asubuhi na chupa ya mawese, samaki wa kukausha na fungu la pilipili, akamwomba Emérita ruhusa ya kupika sombe, majani ya muhogo, kama apikavyo mama yake. Emérita akampa kinu na kigoda, akaketi kumtazama mwanaume akitwanga, jambo ambalo hakutaka kulikosa. Sombe ilipoiva, shemasi alipewa sahani ya kwanza. Alikula kijiko kimoja. Pilipili ikamtoa machozi mbele ya kwaya nzima, akabaki anapunga mkono. Nestor akauliza kwa wasiwasi kama amekosea. Papa Solide akatikisa kichwa, akapangusa macho kwa kitambaa cha mezani, na kusogeza sahani aongezewe.