Toa Hiyo Kidole

Juzi pale Malaba walikuwa wanaziba mashimo ya barabara, na harufu ya lami ya moto ikanisimamisha katikati ya watu, machozi yakinilengalenga. Mama mmoja muuza mahindi akaniuliza, "Dada, uko sawa?" Nikasingizia moshi. Nyinyi nitawaambia ukweli: lami kwangu ni Kukhu, mama yake baba, na kiwanda chetu cha boti ukingoni mwa mto Sio.

Kiwanda ni kujisifu tu. Lilikuwa banda la mabati lenye maranda ya mbao ambamo kuku walipenda kutagia. Kukhu ndiye aliyekianzisha, Baba akiwa bado anabebwa mgongoni. Miaka ya neema wateja walitoka mpaka Majanji, kule ziwani, na mvua kubwa ikijaza mto, boti mpya ziliteremka huku sisi tukizikimbiza ukingoni kwa vigelegele. Ajabu ni kwamba Kukhu mwenyewe hakupanda boti hata siku moja. Tulimtania kwamba anaogopa mamba.

Alikuwa na sheria yake: kabla boti haijatiwa mtoni, mto hutiwa ndani ya boti. Tuliipandisha juu ya magogo, tukaijaza maji ndoo kwa ndoo, kisha mimi niliyekuwa mwembamba nikatambaa chini na kipande cha makaa. Palipodondoka tone nilitia alama, na Baba akaja kushindilia pamba na lami upya. "Usipoziba ufa, utachimba kaburi," Kukhu alisema kila mara. Mimi niliyefundishwa methali shuleni nilimcheka. Kukhu jamani, ni utajenga ukuta!

Halafu zikaja boti za faiba, nyepesi, za rangi, zikiletwa kwa lori. Wateja wakapungua, na Baba akaacha kuimba akipiga randa. Ndipo mzee mmoja wa Majanji akaagiza boti moja, akasema mbele yetu sote, "Hii isipovuja, nataka zingine nne." Nne! Baba akaanza kuimba tena.

Siku ya kuijaza maji nikatambaa chini, roho juu. Kavu. Kavu. Kisha kule nyuma, kwenye kiungo cha mbao mbili, tone likachungulia. Sikufikiri. Nikabandika kidole gumba pale na kupaza sauti, "Kavu!" Nikamsikia Baba akishusha pumzi, na mzee akipigapiga ubavu wa boti kwa furaha. Maji yalikuwa yakinitambaa mkononi mpaka kwapani.

Kukhu akainama, na magoti yake yale mabovu, akanitazama.

"Nafula, toa hiyo kidole."

"Kukhu, ni kavu!"

"Toa."

Nikatoa. Tone likaangukia mguu wake. Akainuka taratibu akamwambia mgeni, "Inavuja. Ngoja sisi wiki mbili, tutengeneze." Mzee hakungoja. Wiki haikuisha, akapata za faiba. Baba hakugombeza mtu. Alikaa juu ya gogo akishika randa yake, na hatukutengeneza boti nyingine tena. Ile ya mwisho ikawa ya kuku.

Nilimchukia Kukhu, sifichi. Siku tatu nilisusa chakula chake. Ya nne akapika samaki, basi nikashindwa.

Alipofariki nilikuwa nimeshaolewa Tororo. Kwenye mazishi Baba alisimama kueleza maisha ya mama yake, akatuambia jambo ambalo Kukhu alimkataza kulisema akiwa hai. Babu, mume wa Kukhu, alikufa maji, Baba akiwa bado ananyonya. Boti aliinunua asubuhi ileile. Kukhu alikuwepo, akamuuliza muuzaji kama haivuji, na muuzaji akamjibu neno moja: kavu.

Baada ya matanga ya Babu, Kukhu akauza ng'ombe wake, akatafuta fundi wa boti.

Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, mama mtu mzima, na nikajikuta nimekificha kidole gumba ndani ya ngumi. Nikakitoa.