Herufi Tatu Zilizofungua Mnada

Wiki hii nilipigiwa simu kutoka Isiolo. "Salaam aleikum," alisema mdogo wa rafiki yangu wa zamani. "Dada ametutoka. Tumeshamsitiri." Mola amrehemu. Wasomaji wangu hamkumjua, nami sitamtaja jina, maana alichukia kutajwa gazetini. Alikuwa binti wa wenye malori, wa jamii ya askari wa zamani waliopewa makazi Isiolo, na ndiye aliyeandika programu ya kompyuta ya kwanza niliyoiona. Nikimkumbuka nacheka kabla sijalia, kwa sababu sijapata kumwona mtu aliyefurahia kazi kama yeye.

Ilikuwa mwisho wa miaka ya themanini, na mimi nilikuwa karani katika ofisi ya mnada wa mifugo. Kompyuta yetu iliwasiliana kwa waya wa simu na kompyuta ya wanunuzi Nairobi, kupitia kidude kilicholia kama jogoo aliyekabwa koo. Yeye alikuwa ameandika programu moja ya kutumika pande zote mbili. Mnada ukiwa wazi tulituma moja, na ukifungwa kwa ugonjwa tulituma mbili. Ndani ya programu namba hizo alizipa majina, OPEN na CLOSED, ili asomaye asibahatishe.

Siku moja Nairobi walibadilisha mashine, wakaleta ya kampuni nyingine. Asubuhi tulituma moja kama kawaida. Wafugaji walikuwa wamefika kutoka Gotu na Leparua, ng'ombe wamejaa uwanjani, jua linapanda, na hakuna lori hata moja. Mzee mmoja wa Kiturkana aliingia ofisini na fimbo yake. "Mama, magari iko wapi? Ng'ombe yangu itakufa na kiu hapa." Tulipopiga simu, Nairobi wakajibu kwamba kioo chao kinasema mnada umefungwa, na malori yamesimamishwa Nanyuki.

"Umefungwa na nani?" Dada alifoka. Akamwamuru kijana wa Nairobi afungue faili za mashine ile mpya. "CLOSED kwenu ni ngapi?" Kijana akazipekua. Kisha nikamsikia akisema, "Ni moja, dada. Mashine ilikuja nayo, maana yake laini ya mawasiliano imekatika." Dada aliruka kutoka kitini akapiga makofi. "Moja ni OPEN yangu! Majina yamegongana, programu imeshika CLOSED ya mashine badala ya yangu! Yaambieni malori yaje!" Alasiri vumbi la malori lilionekana, na yule mzee aliuza ng'ombe wake wote.

Kijana wa Nairobi alitaka kubadilisha jina hilo moja, tena kwenye mashine yake peke yake. Dada akakataa. "Na kesho mkinunua nyingine?" Akaanza kutanguliza herufi ISL, yaani Isiolo, mbele ya kila jina la namba isiyobadilika: ISL_OPEN, ISL_CLOSED, na mengine yote. Mkubwa wetu alinung'unika kwamba anaongeza kazi ya kuchapa. Akamjibu, "Bwana mkubwa, ukiita Abdi pale sokoni, watageuka wangapi? Si utasema Abdi wa Burat?" Mkubwa akacheka mpaka akavua miwani, na mjadala ukaisha. Mashine zilibadilishwa tena na tena baada ya hapo, za kila kampuni, na programu ile haikugombana na hata moja.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Siku ile hakuna aliyekosea hesabu wala aliyesema uongo. Neno moja tu lilivuka mpaka likakuta mwenyeji mwenye jina lilelile. Nchi yetu nayo imejaa watu wanaogombana kwa maneno wanayoyatamka sawasawa, kila mmoja akiamini mwenzake ni mjinga. Marehemu alinifundisha kwamba ukiandika, au ukisema, kitu kitakachosafiri mpaka kwa watu usiowajua, usidhani nyumba yao iko tupu. Sema kwanza umetoka wapi, ndipo useme ulilonalo.