Gari la Kukataa Watu

Nilipowasha gari mara ya kwanza, sauti ya mwanamke ilitoka kwenye dashibodi ikasema jambo kwa Kijapani. Nilishtuka nikaachilia klachi, gari likaruka kama mbuzi, likazima. Jamaa wa Nyayo Highrise aliyekuwa ananiuzia, ambaye alikuwa anahamia ng'ambo, alicheka akasema nitamzoea. Alikuwa ameishi na sauti hiyo miaka minne bila kujua inamwambia nini kila asubuhi. Mimi ni mtu wa kuuliza kila kitu, na jambo hilo peke yake lingetosha kunifanya nisite. Nikawasha tena.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kuwa gari la namna hiyo mtu halipandi, analishukia. Nilikaa chini sana, miguu imenyooka mbele kama mgonjwa kitandani, macho yakiwa usawa wa magoti ya wapita njia. Kwenye Barabara ya Ngong lori lilisimama kando yangu, nikajikuta natazama nati za gurudumu lake, kubwa kama vikombe. Kila tuta la barabarani lilikwangua tumbo la gari kwa sauti niliyoihisi kwenye uti wa mgongo. Paa lilikuwa la turubai. Nyuma ya mgongo wangu hapakuwa na kitu, ila buti ambayo ingejazwa na mkoba mmoja. Na bado, nilipokanyaga mafuta kidogo baada ya Dagoretti Corner, kitu kifuani mwangu kikafunguka. Nilicheka peke yangu hadi Kawangware. Keateka, msimamizi wa ploti ninayoishi, alilizunguka mara mbili, akaniuliza kama nusu iliyobaki inakuja kesho.

Nilikuwa nimefanya kazi miaka mitatu chumbani mwangu, nikiandikia kampuni ya nje programu za kompyuta, na nililitaka gari hilo tangu nikiwa chuoni. Jioni hiyo nilimpigia mama simu nikamwambia nimenunua gari. Alimshukuru Mungu, akaniambia Jumamosi nifike kwake Soko la Toi saa tatu asubuhi, kuna safari. Nikasema sawa. Hakuniuliza lina viti vingapi. Mimi pia sikusema, na hadi leo sijui kama nilisahau ama niliogopa.

Mama huuza mitumba ya watoto pale Toi. Alitoka Kitui akiwa msichana, akapanga nyumba Gatwekera, na mimi nililelewa chini ya meza yake sokoni, pamoja na za wanawake watatu waliopakana naye. Mmoja ni wa Machakos, anauza viatu. Mwingine anauza mapazia. Wa tatu, aliyetoka huko ziwani, anauza omena, wale dagaa wakavu. Mama akienda kufungua belo za nguo alfajiri, mmoja wao alinifunga mgongoni akaendelea na kazi. Nimelala kwenye migongo yote minne. Hilo silikumbuki, lakini wao wananikumbusha.

Jumamosi hiyo, kijana wa mama wa viatu alikuwa anapelekewa mahari kwa wakwe zake Kawangware. Vani ya kukodi ilikuwa imeshatangulia na wazee, mablanketi na kreti za soda. Wanawake hawakuwa na nafasi ndani yake, kwa sababu mama yangu alikuwa amezikataa. Aliwaambia wazee, mbele ya watu wote, kwamba wanawake wa Toi watafika kwa gari la mtoto wao.

Haya yote niliyajua nilipofika. Walikuwa wamesimama wanne kando ya barabara, wameshona vitenge vya aina moja, rangi ya machungwa, vilemba vimepaa. Nilizima injini. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama wa mapazia alizunguka upande wa pili kutafuta mlango mwingine, akarudi. Mama wa omena aliniomba nifungue nyuma, akaitazama buti, akaifunga polepole kama mtu anayefunga jeneza la mtoto.

"Wengine wanakuja na nini?" mama yangu aliuliza.

Nilianza kueleza. Nilisema ni gari la spoti, limeundwa hivyo, uzito wake umegawanywa sawa mbele na nyuma. Nilijisikia nikiongea, na kila neno lilikuwa kweli, na halikusaidia kitu. Mama alikuwa anatazama chini, kwenye viatu vyake vipya. Kijana mmoja wa mkokoteni alipunguza mwendo.

"Niaje siste," akasema, "hiyo ni ya watu wawili ama ni ya mmoja na nusu?"

Wanawake hawakucheka, na hapo ndipo nilipojua mambo ni mabaya.

Shida haikuwa kufika tu. Kwa wale wakwe, wenyeji hufunga geti, na wageni husimama nje wakiimba kuomba kufunguliwa. Wa ndani wanajibu kwa wimbo kwamba hawawajui. Wanaimbiana hivyo hadi wa ndani waridhike. Wanawake wa upande wa kijana wakiingia vipande vipande, itasemwa hana watu. Na mwenye kuanzisha nyimbo alikuwa mama yangu. Wenyeji walikuwa wameomba wageni wawe wameingia kabla ya saa sita. Neno la mama sasa lilikuwa linategemea kiti kimoja.

Nilimwambia apande, hao wengine watafute matatu. Alinitazama kama aliyenisikia nikitukana.

"Nipande peke yangu, niwapite?" akasema. "Anza na mama wa bwana harusi. Mimi nitakuja wa mwisho."

Kwa hiyo nilianza kubeba wanawake mmoja mmoja. Mama wa viatu aliingia kwa kutanguliza makalio, akashika mshikio wa mlango kwa mikono miwili. Nilipowasha, yule wa dashibodi akaongea.

"Nani huyo?"

"Ni gari, auntie."

"Anasema nini?"

"Sijui."

Alitafakari hadi tukapita mataa. Kisha akasema umenunua kitu kinachoongea nawe, hujui kinakwambia nini, na wewe ndiye tulisema umesoma. Kwenye kila tuta alifumba macho, midomo ikienda, nikajua anaomba. Kawangware nilimwacha kando ya vani, nje ya geti la bluu, na wazee wakatazama kiti alichotoka, kisha wakatazama barabara nyuma yangu, wakisubiri gari lenyewe.

Kurudi Toi nilikaa kwenye foleni nikiona muda unavyoenda. Safari ya pili nilimbeba mama wa omena, ambaye ni mwanamke mkubwa. Tulihitaji kulifungua paa ili aingie. Aliketi akijaza kiti chote na sehemu ya changu, kilemba chake juu ya kioo kama bendera, na makondakta wa Barabara ya Ngong wakampigia miluzi. Nilidhani ana furaha. Karibu na Dagoretti Corner akaniambia, bila hasira, kwa ile sauti aliyokuwa akitumia kunibembeleza:

"Nyathina, mwanangu, siku nikifa, hili litanisindikiza hadi ziwani na nani ndani?"

Nilibadilisha gia.

"Hili ni gari la kukataa watu," akasema. "Mtu analinunua ili akiombwa nafasi aseme hakuna, na asiwe amedanganya."

Nilitaka kubisha. Nilisomea kubisha. Chuoni nilihoji dini, nikahoji mahari, nikaandika insha nzima nikisema jamii inamla kijana wake kabla hajakua. Lakini nikakumbuka nilichofikiria siku nilipoona picha ya gari hili kwa mara ya kwanza, nikiwa nimechoka na simu za nyumbani. Nilifikiria: hapa hakuna mahali pa mtu kukaa. Nilikuwa nimehoji kila mtu isipokuwa msichana yule aliyekuwa anatazama picha.

Niliporudi Toi ilikuwa imebaki nusu saa. Kando ya barabara hapakuwa na mtu. Nilimuuliza mzee anayepiga pasi za makaa karibu na meza ya mama, naye akanionyesha kwa kidevu upande wa barabara.

"Mamako ameenda na nduthi. Yeye na yule wa mapazia, nyuma ya pikipiki moja. Wamekaliana vizuri, usijali."

Pikipiki. Dereva na wanawake wawili, watatu kwa jumla, na vitenge vyao na vilemba. Nilisimama pale na ufunguo mkononi nikijaribu kupata hesabu nyingine, na haikupatikana. Pikipiki ya steji ilikuwa imebeba watu wengi kuliko gari langu.

Niliendesha hadi Kawangware na kiti kitupu kando yangu. Wageni walikuwa wameshaingia. Nje ya geti zilibaki alama za miguu na kipande cha kreti kilichovunjika, na kutoka ndani nilisikia sauti ya mama ikiongoza wimbo, imekauka kidogo kwa vumbi, na tatu nyingine zikimjibu. Kwa hiyo walifika kwa wakati, na waliingia wakiwa wanne. Ningeweza kuondoka. Niligonga.

Wasichana wa upande wa wenyeji walifungua kidirisha cha geti. Walitaka kujua niko na nani. Nikasema niko na wageni. Wakasema wageni wote wako ndani, wameimba wamefunguliwa, na anayekuja nyuma yao aimbe mwenyewe. Sikuimba. Nilisimama na jinzi yangu, wakanicheka kwa adabu. Mmoja akauliza kwani nilikuwa wapi wenzangu wakiimba.

Mama alitokea nyuma yao. Vumbi lilikuwa limeshika kitenge chake hadi magotini, na kiatu kimoja kipya kilikuwa na alama nyeusi ya bomba la moshi. Mama yangu hadanganyi. Amewahi kumrudia mteja hadi Gatwekera kumwambia sweta aliyonunua ina tundu. Nilijua atasema ukweli, na nilikuwa tayari.

"Mfungulieni," akawaambia. "Huyu ndiye alitubeba."

"Nyote?" msichana akauliza, akichungulia nyuma yangu, kule kijigari kilikoegeshwa na paa wazi.

"Sote wanne," mama akasema.

Mama wa omena na mama wa viatu walikuwa wamefika nyuma yake, na yule wa mapazia. Hakuna aliyemkanusha. Mama wa omena alianza kuimba kabla swali jingine halijaulizwa, wengine wakampokea, na komeo likavutwa. Mama alinishika mkono akaniingiza katikati yao. Sikumuuliza kitu.