Ngata ya Injini

Baba yangu aliahidiwa hamsa ishirini kwa sababu ya kipande cha mpira ambacho kingeenea kwenye kiganja changu cha utotoni. Hamsa ishirini, kwa msomaji ambaye hakuikuta enzi ya Mdachi, ni viboko ishirini na vitano, mtu amelazwa kifudifudi juu ya pipa, watu wote wa shamba wameitwa kutazama.

Harufu ndiyo iliyonirudisha huko. Juzi kijana wa jirani, fundi wa magari hapa Mwembesongo, alikuwa akichoma mabaki ya mpira nyuma ya banda lake. Moshi ukaingia dirishani kwangu, nami nikajikuta mtoto tena, nimesimama mbele ya gari la Bwana.

Tuliishi kwenye shamba la mkonge, chini tu ya mlima. Baba alikuwa amejifunza injini kwa mafundi wa reli, na reli ilipofika mjini Bwana wa shamba alimchukua awe dereva wake. Gari lile lilishushwa stesheni kutoka kwenye behewa, likiwa limefunikwa turubai kama maiti. Sijawahi kuona tena watu wazima wakinyamaza namna ile. Lilikuwa na taa za shaba kubwa kuliko kichwa changu, na lilipounguruma kuku walikimbilia mikongeni. Siku moja baba aliniruhusu niweke kiganja juu ya bamba la tairi huku injini ikiwaka. Mtetemo ulipanda mpaka kwenye kiwiko, ukaingia begani, nikahisi meno yangu yanaongea yenyewe. Niliamini kuna mnyama ndani, na kwamba baba ndiye peke yake anayejua jina lake.

Kati ya injini na mifupa ya gari palikuwa na kipande cha mpira. Mafundi wa leo wanakiita mauntini. Baba alikiita mto, maana injini ililala juu yake. Mto ule ukaungua na kupasuka. Injini ikawa inagonga chuma kwa chuma, na bomba la mafuta likakatika Bwana akiwa garini, katikati ya tope. Alirudi kwa miguu. Akamwambia baba kwamba mgeni mkubwa wa serikali anakuja kwa treni Jumamosi. Gari likizima tena njiani, pipa litatolewa uani. Mto mwingine ulikuwa Ulaya, safari ya miezi.

Basi baba akaanza kutafuta. Kwanza alichagua ngozi ya kiboko, ile iliyokatwa mijeledi ya shamba, kwa kuwa kwetu husemwa kigumu ndicho hudumu. Aliikata, akaifunga, kisha akaweka bakuli la maji juu ya boneti. Hivyo ndivyo alivyopima: akiwasha injini, anayatazama maji. Maji yalichemka bila moto, yakaruka yote.

Akaenda mjini kwa Bwana Nanji, mwenye duka la vifaa, nami nikiwa nyuma yake. Nikamwamkia shikamoo. Aliitikia bila kuinua kichwa, akamwekea baba mezani vizibo vya chupa vya gome la mti, kipande cha tandiko la farasi, na bonge la mpira mbichi.

"Chukua mpira, Fundi," alisema. "Laini kama halua."

"Halua haibebi injini, Bwana Nanji."

"Kwani wewe umeshajaribu?"

Baba akacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile. Akauchukua mpira. Lakini alipouweka, injini ilicheza pembeni kama mlevi anayetafuta mlango, na muda si mrefu ile harufu ya kuungua ikatoka. Akazima. Akakaa chini, mgongo umeegemea gurudumu.

Mama alifika wakati huo na chakula cha mchana. Mama alikuwa mtu wa mlimani, Mluguru, na tangu usichana wake alishuka na mizigo ya ndizi kwenye njia ambazo mbuzi huzifikiria mara mbili. Alitua kapu, akabaki na ngata kichwani, ile pete ya kutulizia mzigo, akayatazama maji yaliyomwagika.

"Baba Mwajuma, huyu mnyama wako anaruka juu, au anayumba pembeni?"

"Vyote viwili. Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu umempa ngata ngumu, akaruka. Umempa laini, akayumba. Hata mtoto hatwikwi mtungi hivyo."

"Hii ni injini, Mama Mwajuma. Si mtungi."

"Mtungi ukivunjika nami nilipigwa," alisema mama. "Lete huo mpira."

Baba alimsogezea pia ngozi ya kiboko. Mama akaisukuma kwa mguu. "Hiyo siishiki. Nipe ya ng'ombe."

Akakaa mkekani. Huko kwao ngata ya mteremko husukwa namna yake: moyo laini, kisha huzungushiwa kamba iliyokazwa sana, ikabaki pete yenye tundu katikati, ili mzigo ukae na usiteleze mbele. Mama aliukata mpira, akauviringisha, akaanza kuuzungushia ukanda mwembamba wa ngozi iliyoloweshwa, akikaza kwa meno. Baba alimpimia tundu lilingane na parafujo. Walibishana juu ya unene. Mara baba akisema zaidi, mara mama akisema basi. Sikuwahi kuwaona wakifanya kazi moja kwa mikono minne.

Ngozi ilipokauka baba akaifunga. Akajaza bakuli, akazungusha hendeli. Injini ikanguruma, kuku wakakimbia. Mimi nilinyanyuliwa nitazame. Maji yalitetemeka kidogo ukingoni, kisha yakatulia, na juu ya ile ngurumo yote nikauona uso wangu mwenyewe, mzima, na nyuma yake mlima.

Jumamosi mgeni alifikishwa. Pipa halikutolewa.

Ngozi hulegea kwa joto, kwa hiyo mama alisuka ngata mpya kila ya zamani ilipochoka. Mimi nilidhani anapenda gari kama nilivyolipenda mimi. Nilishakuwa na watoto wangu nilipoelewa kwamba hakuwahi hata mara moja kuligusa, wala kulitazama likipita. Alichokuwa akikitazama ni mgongo wa baba.

Vita vilipotufikia, Wadachi waliondoka mjini kuelekea Kisaki, na baba akaamriwa aendeshe. Mama alisuka ngata tatu, akazitia kwenye kamba, akamvisha shingoni. "Usingoje ipasuke," alimwambia. Hayo tu.

Baba hakurudi; baadaye walirudi wapagazi wawili waliokuwa kwenye msafara ule. Mmoja alisema aliliona gari limesimama kando ya njia, boneti wazi, hakuna mtu. Wa pili alisema alimwona baba mbele zaidi, akitembea kwa miguu kati ya askari wawili, na shingoni ngata zote tatu.

Mama alimuuliza tena na tena kama alihesabu vizuri, maana zikiwa tatu, baba hakubadilisha hata moja. Mtu yule alisema alihesabu.